Ladha Iliyohamia kwa Majirani

Maeng Ho-sik hakuwa na cheti cha sekondari, hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na goti la kushoto la kuaminika, na meno yake yote ya juu yalikuwa ya kununua. Hakuwa na gari. Hakuwa na mtu wa kucheza naye ule mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe tangu mzee wa nyumba ya pili alipofariki. Baada ya kustaafu kazi ya kusoma mita za maji wilayani Gokseong, hakuwa tena na sababu ya kuingia katika ua wa mtu na kufunua kifuniko chochote. Lakini kilichomnyima raha kuliko hayo yote ni kwamba hakuwa na msomaji. Alikuwa na blogu, na blogu haikuwa na mtu.

Blogu hiyo aliifungua katika ukumbi wa wazee, ambako kila Jumanne asubuhi Mwalimu Bong Seon-u alikuja kwa treni kutoka Gwangju na mkoba uliojaa nyaya za chaji, akawafundisha wazee kuandika mtandaoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye subira, na kanuni zake hazikuwa nyingi. Andika kila siku, saa ileile, maana msomaji ni kama kuku, huzoea saa ya kulishwa. Usinakili. Picha isitikisike. Maliza kwa swali, ili msomaji apate mlango wa kujibu. Wale wanaofuatilia blogu yako, aliwaambia, huitwa majirani, hata kama wanaishi upande wa pili wa nchi.

Ho-sik alizishika kanuni hizo kama alivyokuwa akizishika za idara ya maji. Kila alfajiri, kabla ya chai ya shayiri, aliketi mbele ya kompyuta iliyoachwa na binti yake na kuandika. Aliandika kuhusu ukungu wa mtoni. Aliandika kuhusu faida za kutembea kinyumenyume. Aliandika maoni yake juu ya bei ya mchele, ambayo yalifanana sana na maoni ya gazeti la jana yake. Jirani aliyempata alikuwa mmoja, muuzaji wa dawa ya nywele, ambaye kila siku aliandika chini ya andiko: "Nzuri sana. Karibu kwangu pia."

"Mwalimu, mimi sikosi hata siku moja," Ho-sik alilalamika darasani. "Hata sikukuu ya mwaka mpya nimeandika."

"Najua, Mzee Maeng. Nimelisoma lile la ukungu."

"Ukalionaje?"

"Ukungu hata mimi ninao, pale stesheni. Niandikie kitu ambacho mimi sina."

"Mwandikie goti lako," alisema Mzee Do, mfuga bata aliyekaa nyuma. "Hilo hana."

Darasa lilicheka. Ho-sik alifunga mkoba wake, akarudi nyumbani akiwa amenuna, na kwa kuwa alikuwa amenuna hakuingia chumbani bali aliketi kwenye kizingiti cha jiko.

Mkewe, Seok Pil-nye, alikuwa akipika supu ya majani ya figili. Majani hayo aliyaning'iniza ukutani tangu mwisho wa vuli, yakakauka hadi yakawa yanavunjika kama karatasi. Sasa aliyaloweka, akayachemsha, akayamenya ngozi moja moja kwa ukucha wa kidole gumba. Alitoa vichwa na matumbo ya dagaa, akawakaanga bila mafuta mpaka wakanukia, ndipo akawatia maji. Mwisho alichota rojo la soya kutoka mtungi wa nje, akalisugua kwenye kichungio kwa mgongo wa kijiko.

"Kuna nini?" aliuliza bila kugeuka. "Unataka maji?"

"Hapana. Natazama."

"Unatazama nini?"

"Unavyopika."

Pil-nye aligeuka, akamwangalia kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa, kisha akaendelea kusugua. Tangu waoane hakuwahi kumwona mumewe akitazama chungu kabla hakijafika mezani.

Alfajiri iliyofuata Ho-sik aliandika kuhusu supu ile. Hakujipamba. Aliandika ukucha, dagaa, kijiko. Aliandika ule mvuke wa kwanza unaotoka kifuniko kinapoinuliwa, na jinsi ladha inavyokuja kwa kuchelewa, baada ya kumeza, kutoka nyuma ya ulimi. Akaandika kwamba hivi ndivyo wanavyokula nyumbani kwao. Akauliza: je, majirani, kwenu majani ya figili mnayafanyaje? Akabonyeza.

Wakati wa kifungua kinywa supu haikuwa na ladha. Ilikuwa ya moto, majani yalikuwa laini, rangi ilikuwa ileile, lakini mdomoni ilikuwa sawa na maji ya bomba. Pil-nye aliongeza chumvi. Chumvi ilizama kama iliyotiwa mtoni.

"Umeiandika?" aliuliza.

"Nimeiandika."

"Basi ndiyo maana," alisema, akasogeza kimchi, kabichi yao iliyochachuliwa kwa pilipili, karibu na bakuli la mumewe. Walikula wakamaliza.

Kufikia mchana mwanamke wa Chuncheon, asiyejulikana na mtu, alikuwa ameacha maoni kwenye blogu. Alisema alikuwa ameketi kazini, akila mkate, na alipofika kwenye kijiko mdomo wake ulijaa supu, supu hasa, hata ikabidi ameze. Alisema bibi yake aliyeilea familia yao kwa supu hiyo alifariki akiwa hajamfundisha mtu. Alilia chooni. Chini yake mwingine aliandika: "Kweli tupu. Nami nimemeza." Na mwingine: "Mzee, nimeirudia mara mbili, nimeshiba."

Ho-sik alisoma maoni hayo akiwa amesimama, kwa heshima.

Jumanne alimweleza Mwalimu Bong. Mwalimu hakushangaa. Alisema hiyo ni dalili njema, andiko lililoshika ndivyo linavyofanya. Alikuwa na mwanafunzi mmoja huko Namwon aliyeandika vizuri sana kuhusu harufu ya ghala la baba yake, na sasa ghala hilo halinuki chochote, hata panya hawaingii. "Kuanza si kazi," alisema. "Kazi ni kuendeleza. Wiki hii umewapa supu. Wiki ijayo utawapa nini?"

Ho-sik aliwapa kimchi ya vuli. Aliwapa mwani uliopakwa mafuta ya ufuta na kuchomwa juu ya moto mdogo. Aliwapa uyoga wa mlimani, tofu, ile jibini ya soya, ya Jumamosi, viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu, na ukoko wa wali uliomwagiwa maji ya moto. Alijifunza kwamba meza ya asubuhi ndiyo mwalimu mkali zaidi. Aliyoandika kwa haraka yalibakiza nusu ya ladha. Aliyoandika vizuri hayakubakiza kitu. Akionja na kukuta bado kuna utamu kidogo pembeni, alirudi kwenye kompyuta na kurekebisha sentensi mpaka utamu ule nao uondoke. Aliona fahari kwa hilo. Maisha yake yote alikuwa akipima maji ya watu wengine, na sasa alikuwa na kipimo chake mwenyewe.

Majirani waliongezeka, wakawa wengi kuliko wakazi wa wilaya. Muuzaji wa dawa ya nywele aliacha kutangaza dawa akawa anauliza mapishi.

Pil-nye alipungua uzito. Mchana alianza kwenda kula kwa Bi. Cheon Ok-bun, mjane wa nyumba ya jirani, jirani wa kweli, ambaye supu yake haikuwa nzuri sana lakini ilikuwa supu.

"Njoo, dada, kula," Bi. Cheon alimwambia kila mara. "Mumeo bado hajatufikia sisi. Kwangu kuna chumvi."

"Chumvi imezidi, Ok-bun."

"Afadhali izidi. Wewe ukikaa kule utakuja kula karatasi."

Habari zilienea. Ho-sik alipopita njiani wanawake walifunika vyungu, na yule muuza tofu sokoni alimwambia waziwazi, "Mzee, nunua, lakini usitazame." Ho-sik aliwahurumia. Aliona ni watu wasiojua thamani ya kusomwa.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Ho-sik hakulitazama sana. Katika maandiko yale yote hakumtaja mkewe. Haikuwa kwa ubaya. Alilelewa mahali ambapo mwanamume anayemsifu mkewe mbele za watu huhesabiwa punguani, na hata wao wawili, ndani ya nyumba, hawakuitana majina. Yeye alikuwa Baba Hye-ok na mkewe alikuwa Mama Hye-ok, kwa jina la binti yao wa pekee. Kwa hiyo aliandika "kwetu tunaosha mara tatu", na "nyumbani tunaacha usiku kucha". Sentensi zilienda vizuri hivyo. Ikatokea kwamba majirani wa blogu wakaelewa wanachoelewa.

"Mzee, unaishi peke yako?" aliandika mtu wa Incheon. "Mikono yako ni ya dhahabu. Nina shangazi mjane, msafi, hana makuu."

Maoni hayo yalipendwa na watu wengi. Ho-sik aliyafikiria asubuhi nzima, akajibu: "Asante. Nimezoea hivi nilivyo." Lilikuwa jibu la adabu, na halikuwa la uongo mtupu.

Chakula kilipokwisha, aliingia kwenye vingine. Aliandika mlio wa kisu juu ya ubao asubuhi, jinsi unavyokwenda haraka kwenye vitunguu na kusita kwenye figili, na tangu siku hiyo kisu cha Pil-nye kilikata bila mlio. Ilibidi awe mwangalifu na vidole. Aliandika harufu ya shuka zilizoanikwa kwenye baridi. Kisha akaandika wimbo mdogo ambao Pil-nye aliuimba akiosha mchele, wimbo usio na maneno mengi, wa wanawake wa kisiwani alikozaliwa.

Kesho yake Pil-nye alitumbukiza mikono kwenye mchele, akafungua mdomo, midomo ikacheza, na hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Kisha akamaliza kuosha.

"Ule ulikuwa wa mama yangu," alisema wakati wa kula.

"Watu wameupenda sana, Mama Hye-ok. Mpaka mtu wa ng'ambo, wa Brazili, ameandika."

"Wanauimba?"

Ho-sik alifikiri. "Hawajasema."

"Waulize basi," alisema Pil-nye. "Si huwa unawauliza swali mwishoni?"

Nyuma ya nyumba, juu ya jukwaa la mawe, palikuwa na mitungi ya Pil-nye, ambayo aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kibichi. Mtungi mdogo wa pembeni haukuwa na kitu cha kuvutia macho, isipokuwa soksi ya karatasi nyeupe iliyobandikwa kichwa chini tumboni mwake, ili wadudu wanaopanda wapotee njia. Ndani yake mlikuwa na sosi ya mbegu. Kila masika, sosi mpya ya soya ilipokuwa tayari, mtungi huo ulijaziwa pale ulipopungua, na ile ya zamani ikaifundisha mpya ladha yake. Kwa hiyo mle ndani bado mlikuwa na tone la bibi mzaa babu wa Ho-sik. Mtungi ulitoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwana. Mama yake Ho-sik alimkabidhi Pil-nye mwaka ule alipoanza kupoteza macho, akamshika mkono, akakizamisha kidole chake kwenye mtungi, akamwambia alambe na asisahau.

Kwa kuwa nyumba haikuwa na mke wa mwana, Pil-nye aliamua kumpa Hye-ok, aliyeolewa Busan na kufungua mgahawa mdogo wa meza sita. Majirani wa karibu walisema mtungi hauendi kwa binti. Pil-nye alisema utakwenda. Hye-ok angekuja masika, siku ya Farasi ya mwezi wa kwanza kwa kalenda ya zamani, siku inayofaa kwa kazi ya soya.

"Baba Hye-ok," Pil-nye alimwambia mumewe, kitambaa kikiwa mkononi. "Mengine umeandika, yamekwenda. Huo usiandike."

"Siuandiki."

"Sema tena."

"Nimesema siuandiki. Kwani mimi ni mtoto?"

Na majira ya baridi yale yote alijizuia kweli. Lakini blogu haingojei. Alijaribu kuandika supu ya Bi. Cheon aliyoionja siku moja msibani. Ladha ilikataa kwenda, kwa kuwa hakuwa ameiona ikipikwa. Alijaribu kubuni kitoweo cha samaki ambacho hakikuwahi kupikwa na mtu. "Mzee, leo mdomo wangu uko mkavu," aliandika mwanamke wa Chuncheon. Kwa aibu, asubuhi moja alinakili aya mbili kutoka kwa mwandishi wa Daegu, na kabla ya adhuhuri watu kumi walikuwa wameshamwonyesha zilikotoka. Alizifuta. Majirani walianza kuondoka bila kuaga, kama wageni wanaoona mwenyeji anapiga miayo.

Ndipo Mwalimu Bong alipopiga simu. Mkoa ulikuwa unachagua blogu moja ya mzee, itakayochapwa kitabu, na mwandishi atapanda jukwaani Gwangju kupokea cheti. Yeye alikuwa amempendekeza. "Wanasoma mwezi huu, Mzee Maeng," alisema. "Wape kitu kimoja kizito. Una kitu?"

"Sina," alisema Ho-sik.

"Fikiri."

Neno cheti lilikaa naye. Shule ya jioni aliyosoma ujana wake, katika chumba cha juu cha kiwanda cha nyuzi, ilifungwa kabla hawajapewa vyao. Mwenye jengo alitaka chumba. Hilo hakuwahi kumweleza mtu.

Siku ya soko, Pil-nye alipokwenda kununua chumvi ya bahari kwa ajili ya siku ya Farasi, Ho-sik alikwenda nyuma ya nyumba. Hakukusudia kuandika. Alikusudia kutazama tu, kama alivyokuwa akitazama mita. Alifunua kifuniko cha mtungi mdogo. Sosi ilikuwa nyeusi, lakini jua lilipoingia ilikuwa nyekundu chini ya weusi, na chini kabisa chumvi ilikuwa imejijenga vipande vyenye pembe, vinavyong'aa kama vioo. Uso wake ulikuwa ukining'inia humo, mzee kuliko alivyodhani. Alichovya kidole, akalamba. Mama yake alikuwa mle ndani, na mikono yake yenye harufu ya moshi, na nyuma yake mwanamke mwingine ambaye hakumjua, aliyekuwa na njaa na haraka, na mbele ya wote alikuwa Pil-nye, miaka yote ile, kila asubuhi, na kitambaa chake.

Alifunika. Kisha akaingia ndani, akaandika mpaka aliposikia lango.

Lilikuwa andiko bora kuliko yote. Wale wa mkoani walisema hivyo baadaye, na ni kweli. Aliandika moshi, njaa, kidole, vioo vya chumvi. Aliandika "wanawake wa nyumba hii". Zaidi ya hapo hakusema.

Asubuhi Pil-nye alifika mtungini. Soksi ya karatasi ilikuwa imeanguka yenyewe, iko chini kwenye jiwe. Aliiokota, akaikunjua, akafunua, akachovya kidole. Alikaa na kidole mdomoni kama mtu anayesubiri simu ipokelewe. Kisha akafunika, akaupangusa mtungi pande zote, akapangusa na mitungi mingine, akaingia jikoni kupika maharage ya siku ile.

Aliposhika bakuli, Ho-sik alisema, "Nilitaka kutazama tu."

"Kula, itapoa," alisema Pil-nye, ingawa ikiwa ya moto au baridi ilikuwa mamoja.

Hye-ok alifika siku ya Farasi na chupa zake za kioo, zimechemshwa, zimefungwa kwa taulo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mgahawani. Alichovya, akalamba, akamtazama mama yake.

"Mama, hii ni maji."

"Ndiyo."

"Maji meusi." Akageuka kwa baba yake. "Baba, nimesoma! Nimesoma nikiwa kazini, mdomo ukajaa, nikasema afadhali, niko mbali, labda kwangu tu ndiyo imefika. Kumbe umeitoa yote?"

"Ilitoka vizuri," alisema Ho-sik.

"Si nakuuliza ilitokaje!"

"Hye-ok," mama yake alisema. "Usimfokee baba yako. Shika hizo chupa, zitavunjika."

Alasiri Pil-nye alifunga nguo zake katika kitambaa cha maua, akavaa koti. Ho-sik alisimama kwenye kizingiti, goti likimuuma.

"Unakwenda siku ngapi?"

"Busan kuna jiko la Hye-ok. Hujawahi kuliona."

"Unaogopa nitakuandika wewe?" aliuliza, akijaribu kucheka. "Mama Hye-ok, naapa, sijawahi hata kufikiria kukuandika."

"Najua," alisema Pil-nye, akivaa viatu. "Umeandika kisu changu. Umeandika kidole changu na mate yangu. Hye-ok amenisomea, majirani zako wananitafutia mke mwenzangu. Mimi hujanifikiria." Hakuwa na hasira, alisema kama anayemwelekeza mtu mahali pa kuwekea funguo. "Maharage yako kwenye kapu. Ukitaka kula kitu chenye ladha, nenda kwa Ok-bun, lakini piga hodi, na usimtazame mikono."

Treni iliwachukua. Ho-sik alirudi, akala wali na maji meusi.

Siku ya cheti ilifika, alikwenda Gwangju, akapanda jukwaani, akapigwa picha isiyotikisika. Mwalimu Bong alimpa maua. Mwandishi wa habari alimuuliza nani alimfundisha kupika, akajibu kwamba kwao ni mambo ya nyumbani tu. Alipolala usiku huo alikumbuka jibu lile akaamka, akaketi.

Blogu ilinyamaza. Hakuwa na kitu cha kuandika, na kwa mara ya kwanza hakutafuta. Masika yalipita. Mitungi ilishika vumbi la manjano linalotoka Uchina, naye akaipangusa vibaya, ikabaki na michirizi. Alimpigia simu Hye-ok. Hye-ok alisema mama hajambo, anamenya vitunguu, anaonja supu za wateja, ameongezeka mwili. "Anaimba?" aliuliza. Hye-ok alisema, "Baba, unajua haimbi."

Basi akaamua kumwandikia mkewe barua. Pil-nye hakusoma blogu. Herufi alijifunza uzeeni, katika darasa la akina bibi, na alisoma polepole, kwa kidole, herufi kubwa. Ho-sik alichukua karatasi, akachonga penseli, akaandika kwa herufi kubwa. Sentensi ya kwanza ilimchukua asubuhi nzima, kwa kuwa ilianza na jina. Pil-nye, aliandika. Hakuwahi kuliandika isipokuwa kwenye fomu. Akaandika kwamba ukucha ulikuwa wake. Kwamba siku ile ya kwanza jikoni alipogeuka na kumwangalia, aliona uso ambao alikuwa ameupita miaka yote akielekea mezani. Kwamba mtungi haukuwa wake kuutoa. Kwamba alitaka cheti, na sasa kiko ukutani, na chumba ni kilekile. Hakuomba arudi. Aliomba tu, siku akiwa na nafasi, amkaripie vizuri, kwa kuwa hakumkaripia.

Barua ilifika karatasi tatu. Alizisoma kwa sauti jikoni. Alipofika mwisho mdomo wake ulikuwa umejaa kitu, na ilibidi ameze. Ilikuwa supu ya majani ya figili, ile ya siku ya kwanza, yenye chumvi yake yote.

Alikaa pale mpaka ladha ikaisha. Kisha akaitazama saa. Ilikuwa saa yake ya kuandika.

Alifungua kompyuta ili kuwaaga majirani tu. Maoni yalikuwa yamelundikana: Mzee uko hai? Mzee tunakungoja. Mwanamke wa Chuncheon alikuwa ameandika kila siku. Ho-sik alifikiri kwamba watu hawa nao wana haki ya kujua kwamba mikono haikuwa yake. Alifikiri kwamba itakuwa ni kumtendea haki Pil-nye, akitajwa mbele ya watu wengi hivyo. Alijua vilevile, kama anavyojua goti lake, kitakachotokea. Alipiga picha karatasi ya kwanza, hiyo peke yake, akaibandika.

Walimwomba ya pili. Akabandika ya pili na ya tatu. Na kwa kuwa kanuni ni kanuni, mwishoni akauliza: je, ninyi majirani, mngependa kumwambia nini mtu wa nyumbani mwenu?

Nchi nzima ililia siku hiyo. Walimwita Bibi Pil-nye, wakamtakia maisha marefu, wakasema mdomo umejaa, kifua kimejaa. Yule wa Incheon aliomba radhi kwa habari ya shangazi yake.

Ho-sik alirudi kwenye karatasi. Maneno yote yalikuwa pale, kwa herufi kubwa, hakuna hata moja lililofutika. Aliyasoma. Ilikuwa kama kusoma tangazo la kukatwa maji mtaa wa pili. Alilitamka jina jikoni, mara moja, kwa sauti. Lilikuwa jina sahihi, la mwanamke fulani wa ukoo wa Seok.

Angeweza kuandika nyingine. Alichukua karatasi mpya, akakaa mbele yake mpaka mchana, na hakikuja kitu, kwa kuwa kilikuwa kimeshakwenda. Hatimaye alikunja zile tatu, akazitia kwenye bahasha, akachukua punje za wali uliobaki, akazisaga kwa kidole na kuifunga bahasha nazo. Aliandika anwani ya mgahawa wa Busan.

Posta, karani aliiweka bahasha kwenye mizani, akasubiri. Mshale haukusogea. Aliitoa, akaiweka tena.

"Mzee, humu mna kitu?"

"Karatasi tatu."

"Mizani haizioni."

"Zimo," alisema Ho-sik.

Karani aliitazama kwenye mwanga, akaona zimo, akabandika stempu ya uzito wa chini kabisa. "Ya kawaida au ya haraka?"

"Ya haraka."

Karani aligonga muhuri, akanyoosha mkono juu ya gunia la Busan, akaiachia. Ilichukua muda kufika chini.